Safu ya Sifuri

Kalamu ya bluu, meza ya mbao za masanduku ya chai,
na daftari la kurasa mia mbili nililonunua Ngamiani, barabara ya kumi na mbili.
Kazi yangu ni kuandika: nani kapaa, saa ngapi, karudi saa ngapi.
Mimi siruki.

Hapa Pongwe, pembeni mwa shamba la mkonge,
uwanja ni majani na mstari wa chokaa,
na winchi ni injini ya lori lililofia Hale.
Likinguruma, waya hukaza, na ndege isiyo na injini
hupanda kama neno lililokaa kooni siku nyingi.

Ya klabu tunaiita Kiraka.
Viti viwili, mbawa zilizoshonwa mara saba,
weupe wa aina tatu, maana kila kopo la rangi lilitoka duka lake.
Mwaka huu, mpaka jana, imeruka mara mia nne na kumi na sita.
Nimehesabu kwa vidole kwanza, kikokotoo baadaye.
Jumamosi foleni huanza saa mbili asubuhi:
Mhina, fundi wa kiwanda cha saruji,
Mwanamvua anayefundisha hesabu Muheza,
na vijana watatu wa chuo cha ufundi wanaolipa ada kwa kusukuma.
Dakika sita, saba. Anayebahatika na joto, arobaini.
Kiraka haijui tajiri, inajua uzito tu:
ukiwa mwembamba, tunakuongezea mfuko wa mchanga.

Ndani ya hanga, upande wa kivuli,
zimo tatu za watu binafsi.
Nzuri, jamani! Nzuri mpaka mtu anaona haya kuzigusa,
zimefunikwa gubigubi kama biharusi wa siku ya kwanza.
Ya Daktari Premji wa meno: mara mbili.
Ya ndugu wawili wa Korogwe, wasiosemezana tangu urithi:
mara moja, na aliyeruka alimficha mwenzake.
Ya Bwana Vassili: sifuri. Sifuri. Sifuri,
safu nzima, kama mayai.
Wala sifananishi ovyo; kuku wa mlinzi alitaga humo mwezi wa nne,
mayai tisa, juu ya kiti cha ngozi.

Wanasema mwenye chake hukitumia apendavyo.
Daftari limenionyesha vingine:
cha wote hakipoi, cha mmoja hushika vumbi.
Ingawa si haki kumsema hivyo Vassili.
Alikuwa haikosi Jumapili, mkewe alipokuwa hai.
Yule mama ndiye aliyeshika ncha ya bawa akikimbia nayo
mpaka kasi imshinde, kofia ianguke, acheke.
Sasa nani amshikie?

Wiki iliyopita alikuja na karatasi ya bima.
Wanataka saa za kuruka, walau tano, ama wamfute.
Akasema, Mwantumu, andika tano. Wino ni wino.
Nikatazama nje. Katani imeanikwa kwenye nyaya,
nyeupe, jua linaitwanga, na juu yake mwewe wawili
wanazunguka bila kupiga bawa.
Walipo mwewe ndipo hewa inapopanda, hata mtoto wa Pongwe anajua.
Nikamwambia: Bwana, tano siandiki.
Lakini hewa ipo. Na bawa nitashika mimi.

Tulianza na kuku. Alitulaani kwa lugha yake.
Mhina alikagua bolti moja moja, siku tatu,
na Vassili mwenyewe akarudishwa darasani ndani ya Kiraka,
kiti cha mbele, kama mtoto, na mfuko wa mchanga hakuuhitaji.

Leo nimekimbia.
Sikujua bawa ni jepesi hivyo,
kama mkono wa mtu anayetaka kwenda.
Kanga ikanifunga miguu, kiatu kimoja kikabaki kwenye chokaa.

Saa sita na dakika kumi na mbili, nimeandika.
Ya kushuka bado.
Kifuniko cha kalamu sijakirudisha.
Mwewe sasa ni watatu.